Simba hana kinyongo: niliyojifunza kwa kutazama filamu na wanangu

Jumamosi moja niliwawekea wanangu filamu ya Beast, ile ya mwaka 2022 ambayo Idris Elba ni daktari aliyewapeleka mabinti zake wawili Afrika Kusini baada ya mama yao kufariki. Wanakwama porini ndani ya gari, simba dume akiwazunguka. Mkubwa wangu ana miaka 12, aliifurahia mwanzo mpaka mwisho. Mdogo, wa miaka 8, usiku ule alikataa kwenda chooni peke yake, na kwa wiki nzima alilala kwangu, madirisha yamefungwa, na joto hili la Dar es Salaam. Siku ya pili akaniuliza: "Mama, simba akikuchukia anaweza kukufuata mpaka nyumbani?"

Neno hilo la kuchukia lilinirudisha mbali. Nimekulia kijijini, mkoani Lindi. Nikiwa na umri kama wake, simba alimchukua jirani yetu usiku, akiwa analinda mahindi yake yasiliwe na nguruwe pori. Siku ya maziko watu wakaanza kunong'ona kwamba yule si simba wa porini, ni simba mtu, ametumwa. Mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na ile familia akanyooshewa kidole. Namshukuru Mungu hakupigwa, lakini watu waliacha kumsalimia, na msimu uliofuata haukumkuta. Alihama na mkewe. Baba yangu akaendelea kulala kwenye dungu lake lilelile la kulindia shamba, la miti na makuti, lisilo na mlango.

Mimi nimeona simba mtu wetu na simba wa filamu ile ni ndugu. Yule wa filamu majangili wameua kundi lake, naye sasa analipa kisasi kwa kila binadamu anayemwona. Kwa hadithi inanoga, sikatai. Moyo ulinidunda kama wa mwanangu. Lakini mtoto akitoka hapo anaamini mnyama ana orodha ya watu anaowatafuta, na hofu ya namna hiyo haimsaidii. Mtu anayeogopa chuki ya simba hutafuta wa kumlaumu, wala hafikirii kuweka mlango kwenye dungu.

Ukweli wa simba wala watu ninao sasa, na ndio niliomsimulia mwanangu. Watafiti akina Craig Packer na Dennis Ikanda walikusanya kumbukumbu za Tanzania za kuanzia 1990 hadi 2004 wakakuta watu zaidi ya 560 waliouawa na simba, wengi wao kusini huku kwetu. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na yalikuwa mengi palipobaki wanyama wachache wa kuwindwa lakini nguruwe pori wapo tele. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati yupo mkulima amelala shambani. Nilipoyasoma hayo nilimlilia yule mzee aliyehama.

Rufiji nako, kati ya 2002 na 2004, waliuawa watu wapatao 35. Simba aliyepigwa risasi mwezi Aprili 2004 alikutwa na gego lililopasuka na jipu chini yake. Hata mmoja wa wale simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, alikuwa na jino bovu. Si kila simba mla watu ana jino bovu, lakini mwanangu alilielewa hili haraka kuliko lolote, kwa sababu naye aliwahi kung'olewa jino.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, filamu hizi msiwanyime watoto wakubwa, ila tazameni nao, na mtazame mchana. Mkifika mahali simba anaposhambulia, simamisha, uliza: anataka nini huyu? Ana njaa, anaumwa, au ana watoto karibu? Wangu mkubwa alianza kujibu mwenyewe. Halafu hadithi ya kweli isimulieni siku ileile, usingizi haujaja. Mimi nilichelewa kwa siku moja tu, nikailipia wiki nzima. Na tuache ule msemo wa "lala, simba atakuja kukuchukua." Mama yangu aliutumia, nami nimeutumia, na sasa naujutia.

Yapo pia ya kuwafundisha ya usalama, maana filamu huwashusha watu garini kila mara ili hadithi iendelee. Mbugani hatushuki garini nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, hata kofia ikidondoka. Ukikutana na simba kwa miguu usikimbie. Mkabili, simameni pamoja, mtoto abebwe, mrudi nyuma polepole bila kumpa mgongo.

Na kwa mnaokwenda kijijini msimu wa mavuno, angalieni mwezi. Siku zinazofuata mwezi mpevu ndizo za kuchunga zaidi, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na jioni inakuwa giza tupu watu wakiwa bado wanatembea, huku simba ana njaa ya zile siku za mbalamwezi alizowinda kwa shida. Watafiti waliliona hilo kwenye kumbukumbu za mashambulizi. Siku hizo maji yachotwe jua lingalipo, na choo cha nje kiendewe na mtu mzima mwenye tochi.

Mwaka huu tunakwenda Lindi kwa bibi yao. Nimemwomba kaka yangu aliyebaki na shamba la baba anijengee dungu lenye kuta za miti zinazofika juu na mlango unaofungwa kwa ndani. Mdogo amechora mlango huo kwenye daftari lake, ana komeo mbili, nasi tumeshampelekea mjomba wake picha.