Kabla hujaielekezea kidole ile picha ya baga

Mtu wa Dodoma akifika mnada wa Msalato Jumamosi, hana haja ya menyu. Anaifuata nyama pale ilipoangikwa, anaonyesha kwa kidole, "Hapo ubavuni, na kafigo kidogo," inakatwa anaona, inapimwa anaona, na kama hamwamini mchomaji anasogeza kiti karibu na jiko. Mimi nimezoea hivyo. Ndiyo maana baga za ughaibuni zimenitesa sana: kule nyama huioni, unaiona picha.

Kazi yangu ni ya takwimu, ofisi iko Mtumba, na safari za kikazi zimenipitisha miji kadhaa. Kila nikirudi, vijana wa idarani wananiuliza habari za baga kabla hawajauliza habari za mkutano. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, hasa nyie mnaosubiri kibali cha safari ya kwanza.

Nilianzia India. Nilipata kozi ya wiki tatu New Delhi kupitia ITEC, ule mpango wa mafunzo wa serikali ya India ulioanza 1964 na ambao watumishi wengi wa Tanzania wameupitia. Chuoni tulikula dengu mchana, dengu usiku. Siku ya nne nikatoroka nikaenda McDonald's, lile kampuni la baga la Kimarekani, nikaonyesha picha ya baga yenye kitu kinono cha kahawia katikati, nikalipa, nikakaa dirishani kama bwana harusi. Kung'ata, kiazi. Nikafunua mkate juu nikakagua, kiazi tena, na njegere ndani yake. Nikarudi kaunta.

"Samahani dada, nyama yangu imesahauliwa."

Yule binti hakucheka, Mungu ambariki. Alinionyesha alama ndogo ya kijani kwenye karatasi niliyofungiwa. Kijani maana yake hakuna nyama. Kumbe McDonald's ya India haiuzi ng'ombe wala nguruwe kabisa. Anayetaka kitoweo anapewa kuku au samaki, na chakula cha wasiokula nyama kinaandaliwa sehemu yake, na vyombo vyake. Ile yangu inaitwa McAloo Tikki. Hasira ilipopoa niliimalizia, na nikakiri kimoyomoyo kwamba ni katlesi iliyovalishwa mkate, tena katlesi yenye viungo vilivyokolea. Kabla ya kuondoka Delhi nilikuwa nimeila mara tano.

Toka hapo nina kawaida moja: nikiingia kwenye duka la baga la nchi ya watu, naulizia ile ambayo haipo kwingine. Haya makampuni makubwa hujipinda kufuata wenyeji, na mara nyingi pale walipojipinda ndipo penye utamu.

Suala la nguruwe lina uzito wake, tusilipitie juu juu. Nilikuwa mji mmoja wa Ulaya na kaka mmoja wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano. Kwenye picha, juu ya nyama, palikuwa na vipande vyembamba vya rangi ya kahawia, akadhani ni nyama ya kubanika. Ilikuwa bekoni. Alijua alipokuwa tayari na tonge mdomoni. Aliitema kwenye tishu, akaenda kusukutua, na siku ile hakutia kingine kinywani zaidi ya chai. Mhudumu hakumwambia neno, ingawa alikuwa ameulizwa, na mimi hilo sijamsamehe. Kwa hiyo kabla ya safari jifunze neno la nguruwe kwa lugha ya huko: Wafaransa husema porc, Wajerumani Schwein. Jina "hamburger" lenyewe lisikutishe, limetokana na mji wa Hamburg, halihusiani na paja la nguruwe ambalo Waingereza huliita ham, na baga ya kawaida huwa ya ng'ombe. Lakini ng'ombe wa kuchinjwa vipi? Hilo ni swali jingine, na kama unajali halali liulize waziwazi, au chukua ya samaki ulale na amani.

Geneva sina mengi ya kusema. Jarida la The Economist toka 1986 limekuwa likilinganisha bei ya Big Mac, baga maarufu ya McDonald's, nchi kwa nchi ili kupima thamani ya sarafu, na Uswisi mara nyingi inakaa kileleni. Mimi niliipima kwa njia yangu: mlo mmoja wa baga, chipsi na soda ungeninunulia Msalato kilo nzima ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na chenji ningerudi nayo. Usitegemee kurejesha masurufu kwa risiti ya baga, chakula kimo ndani ya posho. Siku zilizobaki nilinunua mkate na matunda dukani.

Matunda, kwa kweli, ni ushauri wa kidaktari. Safari moja nilikula baga siku tatu mfululizo na tumbo likafunga. Sisi tuliozoea ugali wa uwele na mlenda hatuna matumbo ya mkate mweupe. Baga naiachia usiku wa kuwasili tu, saa mbili za Washington ambazo Dodoma ni saa tisa usiku, macho mazito, huna nguvu ya kutafuta hoteli ya maana. Kabla ya kuwasilisha mada, hapana. Utasinzia mbele ya projekta yako mwenyewe.

Na pitia benki kabla hujapanda treni kwenda Dar. Maduka mengi sasa unaagiza kwenye skrini na kulipa kwa kadi. Yangu ilikataa mara tatu, foleni imenijia mgongoni, kumbe haikuwa imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Nilipopiga simu benki walinijibu nifike tawini.

Marekani kuna mitego midogo. Bei ya ubaoni siyo utakayolipa, kodi inaongezwa mwishoni, na Washington chakula cha mgahawani kinaongezewa asilimia 10. Five Guys, kampuni jingine la baga, ambao walianzia pale jirani, Arlington, Virginia, mwaka 1986, ukiagiza baga ya kawaida unaletewa nyama mbili. Yenye nyama moja ndiyo wanayoiita ndogo, na hiyo inamtosha mtu mzima. Chipsi wakishajaza kikombe wanamwagia nyingine ndani ya mfuko, hivyo moja inatosha watu wawili. Nyama wanaivisha hadi ndani, asante kwa hilo.

Ila kilichoniduwaza pale ni karanga. Zipo bure, za maganda, zimechomwa na chumvi, unajichotea ukisubiri, na chipsi zenyewe zinakaangwa kwa mafuta ya karanga. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa. Pale Waingereza walikuja 1947 na matrekta kulima karanga ili wapate mafuta, ardhi na ukame vikawashinda, na 1951 mradi ukaachwa. Wazee wetu waliusimulia kama kichekesho. Sasa mjukuu wao nimesimama Marekani nagawiwa karanga bila kulima.

Niliporudi nikakuta chache zimebaki kwenye mfuko wa koti. Nikampelekea mama kijijini. Akamenya moja, akatafuna taratibu, akaniangalia.

"Hizi umezinunua?"

"Hapana mama, wanatoa bure."

"Ndiyo maana," akasema, akanipa kapu lake nimmenyee karanga za mbegu.