Barua kwa mwanangu: Waliolala humo usiku ule

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama baba wa babu yako, yule mtoto wa Burnley kule Uingereza, alizaliwa na mama aliyemlea au na binti mkubwa wa nyumba, ambaye siku zote tumemwita dada yake. Kabla sijafika huko, nirudie neno langu ambalo najua umelichoka: sensa inaandika nani alilala humo usiku ule, basi. Nani kamzaa nani, hilo haijui.

Tuanze na usiku wa 31 Machi 1901. Vyumba 4, watu 7: mzee mfumaji wa pamba, mkewe wa miaka 43, binti wa miaka 19 naye mfumaji, wadogo zake watatu, na mtoto wa miaka 2 aliyeandikwa "mwana". Safu ile inataja uhusiano na mkuu wa kaya peke yake. Tena tunachosoma si fomu aliyojaza mzee, ni nakala ya karani wa sensa aliyezikusanya nyumba kwa nyumba na kuzihamishia kwenye daftari lake. Fomu zenyewe ziliharibiwa. Neno limepita mikono miwili kabla ya kutufikia.

Umri nao hautusaidii. Kujifungua na miaka 40 hivi si ajabu, na miaka 17 si ajabu pia.

Kinachosaidia ni kuhesabu. Sensa ya 1891 ina watoto wanne: wa miaka 9, 7, 4 na 1. Mwaka 1901 yule wa mwaka 1 hayupo, na wameongezeka wa miaka 7 na wa miaka 2. Kutokuwepo si kufa, huenda alilala kwa shangazi yake; ilibidi nimtafute kwenye faharasa ya vifo, na nikamkuta humo. Basi ni watoto sita, mmoja marehemu. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye mti wa ukoo, nikauacha hivyo miaka.

Kisha marehemu baba yako akafungua sensa ya 2 Aprili 1911. Hiyo ndiyo ya kwanza ambayo fomu za wenyewe zimehifadhiwa, na mwanamke aliye kwenye ndoa aliulizwa miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, walio hai bado, na waliofariki. Mzee kaandika: waliozaliwa 8, walio hai 5, waliofariki 3. Wawili sikuwa nawajua kabisa! Walizaliwa na kuzikwa katikati ya sensa mbili, hakuna karani aliyewaona. Niliwapata kwenye faharasa ya ofisi kuu ya usajili, kwa kutafuta jina la ukoo pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa, wilaya ile ile, mwaka hadi mwaka. Mmoja hakumaliza hata miezi mitatu. Bado inaniuma kwamba niliwaacha nje muda wote ule.

Sasa itazame ile fomu kwa karibu, ukuze picha. Ile 5 imeandikwa juu ya 4. Ile 8 iko juu ya 7. Ile 3 haikuguswa. Yaani kaongezwa mtoto mmoja, aliye hai.

Najua unachofikiri, kwa kuwa nami nilikifikiri. Lakini ngoja. Wazee wengi walikosea hesabu hizi, na huenda mkewe alisimama begani pake akamwambia umemsahau wa mwisho. Mtu humsahau vipi mtoto anayekula naye meza moja? Sijui... ila mwenye siri naye angekuwa mwangalifu tangu mwanzo, asingeteleza kalamu.

Moyoni nina jibu langu. Sitaliandika, maana hata hiyo fomu ni ya waliolala humo usiku ule.

Fanya hivi. Robo ya kwanza ya 1899, wilaya ya Burnley, wamesajiliwa wavulana wawili wa jina lake. Mmoja kwenye faharasa kaandikiwa jina la mama kabla ya kuolewa. Wa pili nafasi hiyo iko wazi, na mara nyingi maana yake ni mama asiyeolewa. Agiza vyeti vyote viwili, kwa mwaka, robo, juzuu na ukurasa. Robo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa, maana wazazi walipewa siku 42. Kwenye cheti anza na mahali alipozaliwa na anwani ya aliyeandikisha, ulinganishe na mtaa wa 1901, kwani majina ya ukoo yanafanana mji mzima. Na ujue kuna bibi waliowaandikisha wajukuu kama watoto wao, kwa hiyo cheti safi nacho hakifungi kesi.

Vikifika, nipigie simu kabla hujamwambia shangazi yako.

Mama yako