Feruzi alikuwa nani? Jina la ukoo lisilokubaliana na rejista ya ubatizo

SWALI: Baba wa babu yangu, kuumeni, aliitwa Daudi, na tunaambiwa alizaliwa Rabai yapata 1890. Kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi za ukoloni, kinasema Daudi Feruzi, na sisi sote hadi leo ni kina Feruzi. Lakini nimepata nakala ya rejista ya ubatizo: Daudi, mtoto wa Thomas na Grace. Feruzi hayumo kabisa. Shangazi yetu mkubwa anashikilia kwamba Grace alitoroka shamba la Takaungu akiwa na mimba, na Thomas alimlea tu huyo mtoto. Binamu zangu nao wanasema Feruzi alikuwa Mwarabu mwenye shamba hilo. Babu yetu ni nani, na nitafute wapi? (Msomaji, Mombasa. Majina yamebadilishwa kwa ombi lake.)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na huyo Mwarabu, maana ndiye mwepesi kumwondoa. Feruzi, kama Mabruki, Almasi na Songoro, ni jina la aina waliyopewa watumwa. Takaungu ilikuwa mji wa ukoo wa Kiarabu wa Mazrui, na mwenye shamba wa huko angetajwa kwa jina lake, la babake na la kabila lake. Siapi kwamba hakukuwa na muungwana, yaani mtu asiye mtumwa, hata mmoja aliyeitwa Feruzi, ila bila karatasi yoyote sitamweka kwenye mti wa ukoo. Hii ni tabia niliyoiona kwa familia nyingi za Pwani: babu akikosekana, anapatikana Mwarabu.

Sasa tazama uwezekano ambao hakuna aliyeutaja nyumbani kwenu, nao mimi ndio ningeuchunguza kwanza: kwamba Feruzi na Thomas ni mtu mmoja. Watoro, yaani watumwa waliotoroka, waliofika misheni za Rabai na Freretown karibu na Mombasa walikuja na majina yao ya shambani, na wakibatizwa wakapewa mapya, mara nyingi ya Kiingereza au ya Biblia. Jina jipya ndilo lililoingia kwenye vitabu vya kanisa. La zamani liliendelea kutumika uani, kisimani na mdomoni mwa rika lake. Mfumo wa kipande ulipoanza kutekelezwa, mwaka 1919 na 1920, karani hakuwa na rejista ya kanisa mbele yake. Alimuuliza kijana wa miaka thelathini hivi anaitwa nani na babake nani, akaandika alichoambiwa. Ikiwa mtaa mzima ulimwita mzee Feruzi, basi hilo ndilo jina Daudi alilolitaja. Hapo ndipo jina la ukoo wenu lilipozaliwa, mbele ya karani, wala si kwa urithi wa vizazi.

Dhana hii inapimika. Rudi kwenye kanisa lililotunza rejista hiyo, na usitosheke na nakala uliyo nayo. Omba kuona kitabu chenyewe. Tafuta ubatizo wa Thomas akiwa mtu mzima, maana mstari wa mtu mzima unaweza kubeba jina lake la awali pamoja na alikotokea, Myao, Mnyasa, Mmakua au Mgiriama. Kisha tafuta ndoa yake na Grace. Kisha ubatizo wa watoto wao wengine wote, kwa sababu huenda karani mmoja aliandika “Thomas” na mwingine, miaka mitatu baadaye, akaongeza jina la pili. Wamisionari waliandika kwa sikio la Kiingereza, kwa hiyo soma pia Ferooz, Feroos, Firuz na chochote kinachofanana. Tahadhari moja: misheni zilikuwa na majina machache na watu wengi. Utakuta akina Thomas kadhaa katika muongo mmoja. Usimtambue wako kwa jina. Mtambue kwa mke, kwa wasimamizi wa ubatizo na kwa mashahidi wa ndoa. Wakristo wale wa mwanzo hawakuwa na shangazi wala mjomba pale misheni, wakasimamiana wenyewe kwa wenyewe, na majina yaleyale manne au matano yakizunguka familia moja ni ushahidi mzuri kuliko jina la ukoo.

Madai ya shangazi yako ni jambo jingine, na nisingeyapuuza. Hata Thomas akiwa ndiye Feruzi, bado hatujui kama ndiye aliyemzaa Daudi. Hapa tarehe ndizo zitakazosema. Mwaka 1888 George Mackenzie, wakala wa kampuni ya Imperial British East Africa, alikuta misheni zimejaa watoro huku wenye mashamba wakidai watu wao. Akakubaliana nao kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Fidia hailipwi bila kuandikisha nani ni wa nani, kwa hiyo watoro waliorodheshwa pamoja na mabwana zao. Kumbuka kwamba Grace hatakuwa “Grace” katika orodha kama hiyo ikiwa alikuwa hajabatizwa. Utamtafuta kwa jina la shambani na kwa Takaungu.

Ukimpata humo, fanya hesabu. Aliyekuwa Rabai kabla ya Januari 1889 hawezi kujifungua mwaka 1890 mimba aliyotoka nayo Takaungu. Hadithi ya shangazi itakuwa imeanguka, isipokuwa kama huo mwaka 1890 wenyewe ni wa kukisia. Ndiyo maana nakuuliza: umeutoa wapi? Kama ni umri ulioandikwa kwenye kipande, usiutegemee, karani alimtazama mtu usoni akakadiria. Kama ni rejista ya ubatizo, angalia ikiwa Daudi alibatizwa mchanga au akiwa mtoto anayetembea, na kama ubatizo ulitangulia ndoa ya wazazi au ulifuata. Mtoto wa miaka mitatu aliyebatizwa siku moja na mamake, mwaka mmoja kabla ya mama kufunga ndoa, ananielekeza kwa shangazi yako. Mtoto wa wiki sita, wa ndoa yenye miaka miwili, ananielekeza kwa Thomas.

Barua na ripoti za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), walioendesha misheni hizo, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, katika maktaba ya Cadbury. Humo kuna habari za Rabai na Freretown, lakini usiende huko mwanzo, ni kazi ndefu na ghali. Nyaraka nyingi za serikali ziko Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ikiwa rejista zitakuonyesha kwamba Feruzi ni mtu mwingine, aliyebaki Takaungu na Uislamu wake, ndipo utakapozihitaji: madai ya fidia yaliyofuata sheria ya 1907 ya kufuta utumwa Pwani, majalada ya mirathi ya makadhi, ambamo bwana wa zamani au warithi wake waliweza kudai mali ya mtumwa wao wa zamani, aliyeachwa huru na kufa bila mrithi, na madai ya ardhi chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908. Haya ya ardhi nayapenda, kwa sababu mdai alilazimika kueleza shamba limemfikiaje, na hapo watu hutaja wazazi ambao rejista nyingine haziwataji.

Kuhusu vipimo vya DNA, kwa kuwa ninyi ni uzao wa kuumeni mtupu, mnayo njia fupi. Mwanamume mmoja wenu apimwe kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, na apimwe pia mwanamume wa kuumeni wa mtoto mwingine wa Thomas ambaye hana utata, aliyezaliwa baadaye ndani ya ndoa. Hamhitaji kulinganishwa na Wazungu maelfu kwenye hifadhi za mtandaoni, mnalinganishwa ninyi wawili. Zisipolingana kabisa, shangazi yupo sahihi, au kuna mkatiko mwingine, yaani mtoto asiyezaliwa na baba anayetajwa, katika mmoja wa mistari hiyo miwili. Zikilingana, mna babu mmoja wa kiume, ingawa kipimo hakitatofautisha Thomas na ndugu yake. Kabla ya mate kuingia kwenye kichupa, kaeni na upande huo wa pili mkubaliane nini kitasemwa majibu yakitoka, maana wao hawakuuliza swali hili.

Kwa sasa, kwenye mti wenu andika hivi: “Baba: Thomas, kwa rejista ya ubatizo, mzazi hajathibitishwa.” Feruzi mweke kama jina la kipande, pamoja na mwaka wa kipande, na maelezo ya shangazi yaandike kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe aliyoyasema. Muulize pia yeye aliyasikia kwa nani. Kama ni kwa Grace mwenyewe, yana uzito tofauti na kama ni kwa mke wa mtoto wa Grace.