China Wanauza Sana, Mbona Yuan Haipandi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi huagiza mabegi ya shule kutoka Guangzhou nauza jumla hapa Nyamakima. Kila mwaka nasikia China wameuza nje kuliko walivyonunua, na shuleni tulisoma ati nchi ikiuza sana pesa yake inapanda. Mbona 2024 yuan ilikaa tu pale pale, saba na kitu kwa dola? Na shilingi iliposhika nguvu 2024 mbona ajenti wangu hakushusha bei?
Mama Begi, Nyamakima

JIBU: Mama Begi, kazi ni njema. Mlichosoma si uongo. Mwenye kiwanda analipwa dola lakini wafanyakazi wake wanataka yuan, so anapeleka dola benki, na wakifanya hivyo wote dola zinajaa, yuan inatafutwa, inapanda. Sasa miaka mingi benki kuu yao ilikuwa inazinunua hizo dola yenyewe na kuziweka, hadi 2014 akiba ikakaribia dola trilioni 4, na dola ikiwa na mnunuzi kama huyo itashukaje? Kabla ya Julai 2005 ndo walikuwa wameifunga yuan kabisa, 8.28 kwa dola. Siku hizi kila asubuhi inatangazwa bei ya katikati na soko haliruhusiwi kupita asilimia 2 juu au chini yake. Marekani hili linawauma kweli, Agosti 2019 waliwaita China wachezea sarafu halafu Januari 2020 wakalifuta hilo jina, siasa tupu ukiniuliza.

Ziada ya 2024, yaani walivyouza nje kuzidi walivyonunua, ilikaribia dola trilioni 1 na bado yuan haikupanda, maana riba ya Marekani ilikuwa juu kuliko ya kwao, kwa hivyo wenye viwanda wengi walikaa na dola zao badala ya kuzibadilisha.

Twende kwa ajenti wako, hapo ndo kuna pesa yako. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, yuan moja ikawa kama bob 22. Mwisho wa mwaka dola ilikuwa 129 hivi, yuan bob 18. Begi la yuan 50 limetoka 1,100 hadi 900, na hapo muuzaji wa Guangzhou hajapunguza hata senti, ingawa bei za viwandani huko zilikuwa zinashuka tangu mwisho wa 2022. Hiyo mia mbili kuna mtu ameiweka mfukoni. Nauli ya meli ilipanda mwaka huo juu ya vurugu za Bahari ya Shamu, hiyo nakubali, lakini begi jepesi halibebi nauli ya mia mbili zaidi.

Mwambie akuandikie bei ya begi kwa yuan, nauli kando, ushuru kando, na reti aliyotumia. Akisema hakuna reti ya yuan hapa Kenya, anakubeba ufala, CBK, benki kuu yetu, huiweka kwenye tovuti yao pamoja na ya dola.