Re: Runrig ni kina nani, na bado wanapiga?

Mkuu, Runrig, bendi ya Uskoti, hawapigi tena. Walifunga kazi Agosti 2018, shoo mbili usiku kwa usiku pale Stirling, Uskoti, chini ya ngome kabisa. Ila ulivyouliza ni kina nani nimefurahi, maana hawa jamaa nawakubali mno.

Walianza 1973 kisiwani Skye, huko huko Uskoti, ndugu wawili Rory na Calum Macdonald pamoja na Blair Douglas wa akodiani, wanapiga kwenye madansi ya huko huko kwao, baadaye akaja Donnie Munro na ile sauti yake. Albamu ya kwanza 1978 yote Kigaeli, lugha ya asili ya Uskoti, mwanzo mwisho, hebu fikiria, lugha yenye wasemaji wachache vile halafu wao wanaitilia magitaa ya umeme na dramu bila kuomba radhi kwa mtu. Na ikalipa, 1995 nyimbo yao An Ubhal as Àirde ikaingia 20 bora za Uingereza, Kigaeli hakijawahi kufika huko kabla yake, tangazo la bia ndo liliisukuma.

Munro akatoka 1997 kwenda kugombea ubunge, hakushinda, nafasi yake akachukua Bruce Guthro kutoka Cape Breton, Kanada, ambako Waskoti walihamia na Kigaeli chao. Kuna watu mpaka leo wanambeza, mi siafiki kabisa, alibeba bendi miaka 20 hadi mwisho.

Ukitaka kuanza, tafuta albamu Once in a Lifetime ya 1988, imerekodiwa laivu, uwasikie mashabiki wanavyoimba wimbo wa Loch Lomond.