Jirani mmoja akizuia uamuzi wa wote

Dada, pole kwa mvutano huo. Umesema makazi yenu ya ushirika huko Marekani huamua mambo kwa maafikiano, yaani hadi wote wakubali, na sasa jirani mmoja anazuia mbwa kuruhusiwa kwenye ukumbi wenu wa chakula.

Angalieni kanuni zenu kabla ya kujadili suala la mbwa. Zinasema mtu anaruhusiwa kuzuia lini? Kuzuia kunafaa pale jambo linapovunja misingi ya makazi. Asiyependa tu anaweza kusema, "Silipendi, ila endeleeni," na hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu.

Tafadhali msimbane jirani huyo mkutanoni mbele ya wote. Wawili wenu wakamtembelee, wamuulize anachoogopa hasa. Ni mzio? Aliwahi kung'atwa? Ana mtoto anayetambaa sakafuni? Kisha aandike nao pendekezo jipya: mfano, mbwa waingie siku zisizo na mlo wa pamoja, kwa majaribio ya miezi mitatu. Jaribio lenye tarehe ya mwisho hukubalika kwa urahisi zaidi.

Waquaker, yaani dhehebu la Kikristo liitwalo pia Marafiki, wale waliofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, kwa desturi yao hawapigi kura: karani huandika azimio na kulisoma mkutanoni, likarekebishwa hadi likubalike. Igeni hilo, kwa sababu mtu akisikia sentensi yenyewe anajua anapinga nini.

Kura ya theluthi mbili iwepo kama akiba, lakini baada ya mikutano kadhaa, na kanuni hiyo msiipitishe katikati ya ugomvi huu.