Mita ya zamani ya kupima mionzi inasoma mR/h (milirontgeni kwa saa), nipate vipi mikrosiveti kwa saa (µSv/h)?
Hapo zidisha kwa 10 tu, yaani 0.02 mR/h ni kama 0.2 µSv/h hivi. Remu kwenda siveti (vipimo vya athari ya mionzi mwilini) ndo rahisi kabisa, remu 100 = siveti 1, na radi 100 = grei 1 (vipimo vya nishati ya mionzi iliyofyonzwa, radi ya kipimo, sio ya mvua lol), hizo ni kamili hazina makadirio. Ila rontgeni ni kesi nyingine bana, yenyewe inapima chaji ya umeme inayozalishwa kwenye hewa, 1 R = 0.000258 C/kg (kulombu kwa kilo ya hewa), sio dozi ya mwilini, kwaiyo hiyo 10 ni ya kukadiria na inafaa kwa mionzi ya gama na eksirei tu, ukiipeleka kwenye alfa au nyutroni umepotea